Runinga bila waya ni tamu, lakini mfuko wako unasemaje?

Hebu piga picha. Ni Ijumaa jioni, mshahara umeingia na simu imetoa ule mlio unaoupenda kushinda sauti ya mtu yeyote. Uko kwenye matatu, umebahatika kupata kiti cha dirishani, na jamu ya Thika Road imelala vile hulala kila mwisho wa mwezi. Unapekua simu polepole. Mara inakuja video: jamaa fulani, ndani ya nyumba nyeupe pe, amebeba runinga kubwa mikononi kama mtu aliyebeba sinia ya pilau. Anaibandika ukutani, anaiachilia, anaenda zake kukaa. Hakuna msumari. Hakuna waya. Runinga inawaka na ukuta unabaki safi.

Unafika kejani. Unawasha taa, na macho yanaenda moja kwa moja nyuma ya TV yako. Kuna waya wa stima, waya wa HDMI, waya wa king'amuzi, waya wa spika, halafu ekstensheni moja maskini iliyobeba kila kitu, mpaka pasi. Vumbi limehamia huko na halina mpango wa kutoka. Unajiambia: "Hapana bana, na mimi lazima nipate ile kitu."

Usiku huo unaanza kupiga hesabu. Na mimi naomba tuzipige pamoja, juu kuna wakati nilizipiga peke yangu na zikanitokea puani. Hiyo nitakusimulia mbele kidogo. Kwanza tujue hii kitu ni nini hasa.

Bila waya gani?

Neno "bila waya" linauzwa kama ni jambo moja, lakini ukichunguza ni mambo mawili tofauti kabisa.

La kwanza ni hili. Januari 2023, katika maonyesho ya teknolojia ya CES yanayofanyika Las Vegas, Marekani, kampuni ya LG ya Korea Kusini ilionyesha runinga ya OLED ya inchi 97 inayokuja na kisanduku chake. King'amuzi, PlayStation na kila kitu unachochomeka, unachomeka kwenye kisanduku, wala si kwenye runinga. Kisanduku kinaweza kukaa hadi mita 10 kutoka kwa skrini, na kinarusha picha hewani. Mwaka wa 2025 Samsung nao wakaingia na kisanduku chao kinachofanya kazi kwa mtindo huo huo, tena kwa umbali huo huo wa mita 10.

Lakini skiza vizuri: runinga hizo bado zina waya wa stima. Haziishi kwa hewa. Waya uliotoka ni wa picha na sauti pekee. Ule mmoja wa kwenda kwa soketi uko pale pale, na ukuta wa kwenye tangazo uko safi kwa sababu mtu alitoboa simenti akaupitisha ndani.

La pili ndilo lile la kwenye video. Katika CES hiyo hiyo ya 2023, kampuni changa ya Marekani iitwayo Displace ilionyesha runinga ya inchi 55 isiyo na waya wowote, hata wa stima. Ndani yake kuna betri nne unazoweza kuchomoa moja moja ukachaji. Haipigwi msumari, inafyonza ukuta kwa nguvu ya hewa, ule mtindo wa kikombe cha mpira kinachoshika kioo. Kampuni yenyewe ilisema betri zinatosha mwezi mzima ukitazama saa sita kwa siku. Bei waliyoitangaza ilikuwa dola 2,999. Kwa kiwango cha ubadilishaji cha shilingi 129 kwa dola, hiyo ni karibu shilingi 387,000, na bado haijapanda ndege.

Sasa angalia ukuta wako. Kikombe cha mpira kinataka pahali laini kama kioo. Kuta za ploti zetu unazijua: rangi inabambuka ukiigusa, na kona ile ina unyevu tangu mvua ya Aprili. Hao mafundi wenyewe walijua kuna siku ukuta utakataa, ndio maana baadaye waliongeza mtambo wa kuiteremsha runinga taratibu ikianza kuachia. Mimi nikisikia kitu cha karibu laki nne kina mpango wa dharura wa kuanguka, nashika mfuko wangu.

Kuna njia ya katikati pia. LG wana runinga ndogo ya inchi 27 inayosimama kwenye mguu wenye magurudumu, na betri yake hukaa hadi saa tatu. Nchini Marekani iliuzwa kwa karibu dola 1,000. Kwa maneno mengine, zaidi ya laki moja kwa skrini ambayo ni ndogo kuliko ile ya inchi 32 iliyo kwa kinyozi wako.

Mbona ni ngumu hivyo?

Pengine unajiuliza: si Wi-Fi tunayo tangu zamani? Si natazama filamu kwa simu bila waya wowote? Kwa nini kutoa waya mmoja wa HDMI kugharimu hivyo?

Fikiria robota la mitumba pale Gikomba. Likitoka melini limefungwa, limekazwa kwa kamba hadi likawa kama jiwe. Mamia ya nguo zimelala ndani na wanaume wawili wanalibeba. Lakini likishafunguliwa, nguo zikamwagwa juu ya meza, hata chumba kizima hakitoshi.

Filamu inayokuja kwa intaneti ni robota. Netflix husema mtandao wa kasi ya megabiti 15 kwa sekunde unatosha kuonyesha picha ya 4K, kwa sababu picha hiyo imekazwa sana kabla ya kutumwa. Runinga yako ndiyo hulifungua.

Sasa picha ikishafunguliwa ni kubwa kiasi gani? Skrini ya 4K ina nukta 3,840 kwenda upande na 2,160 kwenda chini. Zidisha, unapata nukta zaidi ya milioni 8. Ukicheza gemu kwa mtindo wa picha 120 kwa sekunde, nukta hizo zote zinabadilishwa mara 120 kila sekunde. Piga hesabu ya rangi zake na unakaribia biti bilioni 30 kwa sekunde. Hiyo ni mara elfu mbili ya lile robota la Netflix. Nguo zote zimemwagwa, na unataka zipite hewani bila hata soksi moja kupotea.

Waya wa HDMI wa kisasa hupitisha mzigo huo bila jasho, na madukani unauzwa bei ya sahani mbili tatu za chakula cha mchana. Kuupitisha hewani kunahitaji mawimbi ya kasi ya juu sana, na mawimbi ya aina hiyo hayapendi vizuizi. Ndio maana unashauriwa kuweka kisanduku pahali panapoonana na skrini. Unalipa pesa nyingi ili hewa ifanye kazi ambayo waya wa mia chache hufanya bila kulalamika.

Bei ya kutoa waya

Tuachane na maneno, tuingie kwa shilingi. Mwaka wa 2023 LG waliuza nchini Marekani runinga mbili za inchi 83 zinazokaribiana sana kwa ubora wa picha. Ile ya waya, G3, ilianza kwa dola 6,500. Ile ya kisanduku, M3, ilianza kwa dola 8,000. Tofauti ni dola 1,500, yaani karibu shilingi 193,500. Hiyo ndiyo bei ya kuondoa waya peke yake. Kwa pesa hizo unalipa kodi ya bedsita ya elfu nane kwa miaka miwili na bado unabaki na chenji.

Ile ndogo kabisa ya M3 ilikuwa inchi 77, dola 5,000. Tuseme umeichukua hiyo. Kwa shilingi 129 unapata 645,000. Inapoingia Mombasa, weka ushuru wa forodha wa asilimia 25, ule unaotozwa bidhaa nyingi zilizokamilika kutoka nje ya Afrika Mashariki: sasa ni 806,250. Weka VAT ya asilimia 16 juu yake: 935,250. Hapo sijaongeza tozo nyingine za bandarini, usafiri, wala faida ya muuzaji ambaye pia ana kodi ya kulipa mjini. Rudi kwa ile kodi ya elfu nane. Umeangika ukutani karibu miaka kumi ya kuishi.

Na kama ulitaka ile ya inchi 97? Dola 30,000. Upana wake ni zaidi ya mita mbili. Chumba cha futi kumi kwa kumi kina ukuta wa mita tatu hivi. Ukiiweka, unabaki na nafasi isiyofika mita moja. Chagua kama itakuwa ya mlango au ya kitanda. Na kile kisanduku kinachorusha picha mita 10? Nyumba nzima ni mita tatu, buda. Labda ukiweke kwa jirani wa tatu.

Juu ya hizo kuna za kuonyeshea watu tu. LG walitoa runinga unayoweza kuona upande wa pili kama dirisha, nayo pia haina waya wa picha. Ilipoanza kuuzwa Marekani mwishoni mwa 2024, bei ilikuwa dola 60,000. Kabla yake kulikuwa na ile inayojikunja kama mkeka na kuingia ndani ya sanduku lake. Ilifika Marekani 2021 kwa dola 100,000. Hiyo si runinga tena, hiyo ni shamba.

Subira ina bei yake, na ni nafuu

Sasa usikate tamaa. Hii hadithi tumeiona mbeleni, na ina mwisho mzuri.

Mwaka wa 1954 kampuni ya RCA ilianza kuuza runinga ya rangi nchini Marekani kwa dola 1,000. Skrini ilikuwa ya inchi 15. Mwaka wa 1997 runinga bapa za plasma za inchi 42 ziliuzwa kwa karibu dola 15,000, na watu walienda dukani kuzitazama kama wanaenda kuona simba. Mwaka wa 2008 Sony waliuza Marekani runinga ya kwanza ya OLED kwa dola 2,500. Unajua ilikuwa kubwa kiasi gani? Inchi 11. Mwaka wa 2013 OLED ya inchi 55 ilifika kwa dola 15,000. Leo ya ukubwa huo unaipata huko chini ya dola 1,500. Bei imeshuka mara kumi, na picha imekuwa bora zaidi.

Kwa nini bei hushuka? Jibu moja kubwa ni kioo. Skrini hazitengenezwi moja moja. Kiwanda hutengeneza kipande kikubwa cha kioo kisha hukikata kama vile mama hukata kitambaa cha sare za shule. Mwaka wa 2018 kampuni ya BOE ya Uchina ilikuwa imeanza kutumia vioo vya mita 2.94 kwa mita 3.37 katika kiwanda chake cha mji wa Hefei. Hebu rudi kwa chumba chako cha futi kumi kwa kumi. Kioo kimoja ni karibu saizi ya sakafu yako yote. Kikikatwa kinatoa skrini nane za inchi 65 kwa mpigo.

Mwanzoni kiwanda kikiwa kipya, vioo vingi hutoka na kasoro na kutupwa, na aliyenunua skrini nzuri ndiye hulipia zile mbovu. Mafundi wakizoea, kasoro hupungua na bei huteremka. Kampuni za Uchina zilijenga viwanda vikubwa hadi wenzao wa Korea wakachoka na biashara ya LCD. Kitengo cha skrini cha Samsung kiliacha kutengeneza LCD mwaka wa 2022. LG nao mwaka wa 2024 walikubaliana kuuzia kundi la TCL kiwanda chao cha LCD kilichoko Guangzhou. Hivyo vita vya huko mbali ndivyo vilivyokuwezesha wewe kuingia Luthuli Avenue na kutoka na runinga janja ya inchi 43 kwa pesa ambazo zamani hazingenunua hata mguu wa plasma.

Lakini usidhani kila kitu kipya hushuka bei kikatufikia. Vingine hufia njiani. Unakumbuka runinga za 3D na zile miwani? Zilivuma sana 2010. Kufikia 2017 LG na Sony walikuwa wameachana nazo. Plasma yenyewe, iliyokuwa mfalme, Panasonic waliacha kuitengeneza mwishoni mwa 2013. Aliyekimbilia 3D kwa bei ya juu alibaki na miwani ya kuwachezesha watoto. Kwa hivyo ukisubiri, hungoji bei peke yake. Unawaachia wenye pesa wakujaribie, wakuonyeshe ni gani itaishi.

Hesabu zangu zilivyonitokea puani

Nilikuahidi hadithi. Kazi yangu ya kwanza ya mshahara, nilikuwa naishi Zimmerman, bedsita, orofa ya nne. Rafiki zangu walikuwa wanakuja kutazama mechi kwa laptopu yangu, tumebanana kitandani kama dagaa. Nikasema inatosha. Nikaingia duka moja mjini, sitalitaja, nikachukua ya inchi 55 kwa mpango wa lipa pole pole. Bei ya pesa taslimu ilikuwa 58,000. Mimi nikaweka arbuni ya 15,000, halafu 180 kila siku kwa mwaka mmoja.

Mia moja na themanini. Inaonekana ni ya soda na chapati, si ndiyo? Mara siku 365 ni 65,700. Ongeza arbuni: 80,700. Nililipa karibu elfu ishirini na tatu zaidi ili nisingoje. Lakini sikupiga hesabu hiyo dukani. Niliipiga baadaye, nikiwa na machungu.

Mwezi wa tano nikahama. Pikapu ya kuhamisha vitu, mimi nimekalia godoro nyuma, runinga tumeiegemeza kwa meza. Kabla ya kufika Kahawa West kulikuwa na tuta. Hatukuliona. Nilisikia mlio mdogo tu, kama wa yai.

Nilipoiwasha, nusu ya skrini ilikuwa nyeusi na nusu ina mistari ya rangi zote. Nikaipeleka kwa fundi. Aliigeuza, akaigonga kidogo, akaniangalia kwa huruma. "Mkubwa," akasema, "hapa kioo ndicho runinga. Hivi vingine vyote naweza kukutengenezea kwa elfu tatu, nne. Kioo ukinunua, afadhali ununue TV nyingine." Nikamuuliza kuhusu waranti. Akacheka. Waranti nyingi hazilipi kitu kilichovunjika mikononi mwako.

Nilikuwa nimebakisha siku 210. Mara 180 ni 37,800. Nililipa kila siku, kwa miezi saba, runinga inayoonyesha mistari.

Hiyo yote ningeivumilia. Lakini mwezi huo huo mama alipiga simu jioni. Hakuzunguka sana. "Mwanangu, ndugu yako amerudishwa nyumbani kwa sababu ya fizi. Una kitu kidogo?" Nilikuwa na mia sita kwa M-Pesa. Nikamwambia kazini hawajalipa. Nikamdanganya mama yangu kwa sababu ya runinga iliyovunjika. Ndugu yangu alikaa nyumbani wiki mbili. Hajawahi kuniuliza, na mimi sijawahi kumwambia.

Ndio maana nikiona video ya jamaa akibandika runinga ukutani, mimi huangalia kioo. Nyembamba namna ile, ghali namna ile, na hakuna hata msumari.

Ulicho nacho tayari

Sasa tuulizane. Ni nini hasa kinakuvutia kwa hii "bila waya"? Kama ni kutazama vitu kutoka kwa simu hadi kwa skrini kubwa, hiyo unayo. Google walileta kifaa chao cha kurusha video kwa runinga mwaka wa 2013 kwa dola 35, na tangu hapo runinga janja nyingi, hata zile za bei ya chini, huja na uwezo huo ndani. Wi-Fi yenyewe ni bila waya. Filamu, YouTube, mechi unayotazama kwa programu, zote huingia kwa runinga yako kupitia hewani. Umekuwa na runinga bila waya muda huu wote, ila hakuna aliyekutangazia.

Kama ni ubora wa picha, jiulize unatazama nini. Chaneli nyingi za humu nchini huja kwa HD au chini ya hapo. Skrini ya laki tisa haiwezi kuongeza kitu ambacho hakikurushwa. Ukitaka 4K ya kweli utaitoa kwa intaneti, na Netflix wenyewe husema saa moja ya 4K inaweza kula hadi gigabaiti 7. Ukitumia bando za simu, filamu moja itamaliza bando ya wiki kabla muuaji hajajulikana.

Kama ni stima kupotea, hapo naelewa. Usiku wa Ijumaa tarehe 25 Agosti 2023 karibu nchi nzima iliingia gizani, hadi uwanja wa ndege wa JKIA. Runinga ya betri siku kama hiyo ingekuwa raha. Lakini kumbuka ruta ya Wi-Fi na king'amuzi navyo hula stima. Betri ya runinga peke yake itakuonyesha skrini nzuri isiyo na kitu. Kifaa kidogo cha kuhifadhi moto wa ruta, pamoja na runinga ndogo ya sola ya volti 12, kitakusaidia zaidi kwa pesa kidogo sana.

Na kama ni ule uchafu wa waya kukuudhi, nina habari njema.

Kabla ulipe

Kwanza pima ukuta na umbali wa kitanda hadi skrini kabla ya kwenda mjini. Ukiwa unakaa mita moja na nusu au mbili, inchi 43 inakujaza macho.

Pili, ukiambiwa bei ya kila siku, zidisha hapo hapo mbele ya muuzaji. Toa simu, fungua kikokotoo, usione haya. Kama jumla inakushtua, imekushtua mapema.

Tatu, uliza bei ya kioo. Waulize mafundi wawili, si yule wa dukani. Na uliza kama sehemu za aina hiyo zinapatikana hapa ama ni za kuagiza Dubai.

Nne, kama unanunua ya mitumba, iwashe kwa dakika ishirini hivi na uweke picha ya rangi moja. Kama ni OLED, angalia alama za nembo za chaneli zilizobaki kama kivuli. Skrini hizo zikionyesha kitu kimoja kwa muda mrefu zinaweza kukishika milele.

Tano, siku ya kuhama, runinga isafiri ikiwa imesimama ndani ya boksi lake. Usitupe boksi. Hata kama linakula nafasi chini ya kitanda, liache likule.

Mimi siku hizi nina ya inchi 43, nililipa taslimu baada ya kuweka akiba miezi minane. Nilienda Luthuli tena, nikanunua ile mifereji ya plastiki ya kuficha waya, ile nyeupe unayobandika ukutani kisha unafunika. Nikaomba ruhusa kwa mwenye nyumba, nikaipaka rangi ya ukuta. Waya zote zikaingia humo, zikapotea.

Juzi ndugu yangu alikuja kunitembelea. Alisimama mbele ya TV, akaangalia huku na huku, akachungulia nyuma. "Kwani hii yako haina waya? Ulitoa wapi?"

"Luthuli," nikamwambia. "Shilingi mia nne."